Sheria Iliyoandikwa Ng'ambo na Amani Iliyotafutwa Bonde la Ufa

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret hufika Salgaa baada ya mwendo mfupi, na jambo la kwanza alionalo ni malori. Yamepangana kando ya barabara kuu kama ng'ombe waliofika mtoni. Mengine yametoka Mombasa nayo yaelekea Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Mengine yarudi pwani matupu. Madereva hushuka, hunawa uso, hula, hukagua magurudumu, hulala kidogo, kisha hushika safari tena. Mwenyeji wa Salgaa aweza kupata habari za nchi jirani bila kuuliza mtu. Akiona malori ya Juba yamepungua, hufahamu kwamba huko kuna jambo.

Kwa sababu hiyo tumeonelea vema kuwaeleza wasomaji wetu habari moja inayohusiana sana na barabara hii, ingawa wengi hawaijui. Ni habari ya sheria iliyotungwa Marekani juu ya haki za watu wa Sudan. Jinsi Serikali ya Sudan ilivyoikasirikia. Na jinsi mapatano yenyewe yalivyokuja kufanywa hapa kwetu, katika Bonde la Ufa. Mambo hayo yametimiza zaidi ya miaka 20, walakini swali lililomo ndani yake halijazeeka. Je, nchi moja ina haki ya kuandika sheria juu ya mambo yatendekayo ndani ya nchi nyingine? Na ikiiandika, yule mnyonge aliyeandikiwa hupata faida gani?

VITA VYA SUDAN

Sudan ilijitawala tangu mwaka 1956, lakini watu wa kusini na Serikali ya Khartoum hawakupatana. Vita vya kwanza vilikwisha mwaka 1972 kwa mapatano ya Addis Ababa. Mwaka 1983 Rais Jaafar Nimeiri aliyavunja mapatano hayo kwa kuigawanya kusini katika majimbo, akatangaza sheria ya Kiislamu kwa nchi nzima. Vita vikazuka upya. Jeshi la watu wa kusini, SPLA, liliongozwa na Kanali John Garang. Inakisiwa kwamba watu wapatao milioni 2 walikufa kwa risasi, njaa na maradhi katika vita hivyo, na mamilioni wengine wakahama makwao.

Sisi wa Kenya tuliviona vita hivyo kwa macho. Tangu mwaka 1989 Lokichoggio, kule Turkana, ilikuwa kituo kikubwa cha kupelekea chakula cha msaada kusini mwa Sudan. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kuwapokea wakimbizi, na wengi wao walikuwa watoto wa kiume waliotembea kwa miguu majuma mengi bila baba wala mama. Chakula kilichoshushwa bandarini Mombasa kilipakiwa katika malori, kikapandishwa Nakuru, kikapita barabara hii ya Salgaa kwenda Eldoret, Kitale, Lodwar na kuendelea.

Kisha yakaja mafuta. Mwezi wa Agosti 1999 Sudan ilianza kuuza ng'ambo mafuta ya petroli, ambayo yalisafirishwa kwa bomba lenye urefu wa kilomita zipatazo 1,600 mpaka bahari ya Sham. Visima vingi vilikuwa katika nchi ya watu wa kusini au karibu na mpaka wao. Kampuni zilizovichimba zilikuwa za China, Malesia, Kanada na Sudan yenyewe. Ile ya Kanada, iitwayo Talisman, ilikuwa na sehemu ya 25 katika kila mia. Wanakijiji waliokaa karibu na visima walifukuzwa, nyumba zao zikachomwa, na ndege za Serikali zikatupa mabomu. Serikali ya Kanada ilimtuma Bwana John Harker kwenda kuchungua mambo hayo, na taarifa yake ya mwaka 2000 ilieleza kwamba mafuta yalikuwa yakivichochea vita.

MSWADA WAFIKISHWA KATIKA BUNGE LA MAREKANI

Habari hizi zilipoenea, watu wengi wa Marekani walihuzunika. Viongozi wa makanisa walipiga kelele. Na wajumbe Weusi wa Bunge, kama vile Bwana Donald Payne wa New Jersey, nao walisimama pamoja nao. Ndipo ulipotungwa mswada ulioitwa Sheria ya Amani ya Sudan.

Yafaa tueleze hapa desturi ya nchi ile. Bunge la Marekani lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi na Baraza la Senati. Mswada hauwi sheria mpaka upite katika mabaraza yote mawili kwa maneno yale yale, kisha, kwa kawaida, Rais atie sahihi yake. Ukipita upande mmoja tu, ni karatasi.

Mwezi wa Juni 2001 mswada huo ulipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 422 dhidi ya 2. Ndani yake Bwana Spencer Bachus wa Alabama alikuwa ametia kifungu kikali sana: kampuni yoyote ya kigeni inayochimba mafuta Sudan isiruhusiwe kuuza hisa zake katika masoko ya fedha ya Marekani. Mwenye kufahamu biashara ataona mara moja uzito wa neno hilo. Kampuni kubwa hutafuta mtaji New York kama vile mkulima atafutavyo mkopo wa mbolea kabla ya mvua. Akinyimwa mkopo, shamba lake hulala.

Lakini kifungu hicho kilipata maadui Washington kwenyewe. Bwana Alan Greenspan, mkuu wa benki kuu ya Marekani wakati ule, alikipinga, akihofu kwamba wenye fedha wangeyakimbia masoko ya Marekani na kupeleka biashara yao nchi nyingine. Baraza la Senati lilipitisha mswada wake bila kifungu hicho mwezi wa Julai 2001, na kwa hiyo mabaraza mawili hayakupatana. Baada ya maafa ya tarehe 11 Septemba 2001, Serikali ya Marekani ilikuwa na haja ya kupata habari za magaidi kutoka Khartoum, na mswada ukawekwa kando zaidi ya mwaka mmoja.

Hatimaye, Oktoba 2002, wajumbe walikubaliana juu ya mswada mwingine usio na habari ya masoko ya hisa. Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 359 dhidi ya 8, Senati ikaukubali, na Rais George W. Bush akatia sahihi tarehe 21 Oktoba 2002.

MAMBO YALIYOANDIKWA NDANI YAKE

Sheria hiyo ilitamka wazi kwamba matendo ya Serikali ya Sudan yalikuwa mauaji ya kuangamiza watu. Iliruhusu dola milioni 100 kila mwaka, kwa miaka 3, zitumike kuwasaidia watu waliokaa katika sehemu zisizokuwa chini ya mamlaka ya Khartoum. Zaidi ya hayo ilimwamuru Rais wa Marekani, kila baada ya miezi 6, aliarifu Bunge kama Serikali ya Sudan na watu wa SPLM wanazungumza kwa nia njema. Ikiwa Serikali ya Sudan haina nia njema, Rais aizuie isipate mikopo ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, afikirie kupunguza cheo cha ubalozi, ajaribu kuizuia isitumie fedha za mafuta kununulia silaha, na aliombe Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipige marufuku uuzaji wa silaha nchini humo.

Khartoum ilikasirika mno. Ilisema sheria hiyo ni ya upendeleo, na kwamba Marekani haiwezi kuwa mpatanishi na huku imekwisha kushika upande mmoja. Tuseme kweli, malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Sheria ilipotaja kosa la Serikali, ilitaja na adhabu. Ilipotaja kosa la SPLM, ilisema tu kwamba zile adhabu za Serikali hazitatumika. Mzee wa baraza akisikiliza shauri la mpaka wa shamba namna hiyo, mmoja akikosa atozwe mbuzi na mwingine akikosa aende zake, watu watanung'unika.

Lakini upande wa pili pia una maneno yake. Mtu anayetupiwa mabomu na ndege za serikali yake mwenyewe atakwenda kushtaki wapi? Polisi ni wa serikali hiyo, mahakama ni yake, na jeshi ni lake. Kumwambia angoje haki ya ndani ni kumwambia angoje mpaka afe. Hapo ndipo wale waliotetea sheria waliposimama, na si rahisi kuwajibu.

SHAURI LALETWA NAKURU NA NAIVASHA

Wakati wanasheria wa Washington walipokuwa wakibishana juu ya vifungu, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea Kenya kwa utulivu. Shirika la IGAD, ambalo ni umoja wa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, lilikuwa limeikabidhi Kenya uenyekiti wa mazungumzo ya Sudan. Rais Daniel arap Moi alimteua Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo kuwa mpatanishi. Jenerali Sumbeiywo ni mwana wa Keiyo, juu ya ukingo wa Bonde hili hili. Rais Mwai Kibaki aliposhika madaraka mwishoni mwa mwaka 2002, alimwacha aendelee na kazi hiyo.

Tarehe 20 Julai 2002 pande mbili zilitia sahihi Mapatano ya Machakos. Zilikubaliana kwamba kusini watapewa miaka 6 ya kujaribu umoja, kisha watapiga kura kuamua kukaa au kujitenga. Na kwamba sheria ya Kiislamu itabaki kaskazini. Mwezi wa Septemba, SPLA ilipouteka mji wa Torit, wajumbe wa Khartoum waliondoka kwa hasira. Mwezi uliofuata walirudi, na tarehe 15 Oktoba 2002 mkataba wa kusimamisha mapigano ukapatikana, siku 6 kabla ya Rais Bush kutia sahihi sheria yake.

Mwezi wa Julai 2003 mazungumzo yaliletwa Nakuru. Wapatanishi waliandika hati moja iliyokusanya mambo yote magumu: fedha, jeshi, madaraka na mji mkuu. Khartoum iliona hati hiyo inawapa kusini mno, na Rais Omar al-Bashir akaikataa hadharani kwa maneno makali. Watu wengi walidhani shauri limekufa. Lakini hati ya Nakuru, ijapokuwa ilikataliwa, iliwaonyesha wakubwa wa pande zote mbili kwamba wakati wa kutuma wajumbe umekwisha. Mwezi wa Septemba 2003 Makamu wa Rais wa Sudan, Bwana Ali Osman Taha, na Kanali Garang walikutana wenyewe Naivasha, uso kwa uso.

Huko Naivasha, karibu na ziwa, walikaa muda mrefu kuliko walivyotazamia. Tarehe 25 Septemba 2003 walipatana juu ya majeshi. Tarehe 7 Januari 2004 walipatana juu ya mali: fedha za mafuta ya kusini, baada ya kutoa angalau 2 katika mia kwa jimbo lenye visima, zigawanywe nusu kwa nusu. Tarehe 26 Mei 2004 walipatana juu ya madaraka na juu ya sehemu za Abyei, milima ya Nuba na Blue Nile. Novemba 2004 Baraza la Usalama lenyewe lilifunga safari kuja kukutana Nairobi ili kuwahimiza. Tarehe 9 Januari 2005, katika kiwanja cha Nyayo, Nairobi, mapatano kamili yalitiwa sahihi.

SHERIA ILIFANYA KAZI GANI?

Hapa msomaji atauliza: Basi ni ile sheria ya Marekani iliyoleta amani?

Tutazame mambo yalivyokuwa. Adhabu zilizoandikwa katika sheria hazikutumiwa hata mara moja. Mwezi wa Aprili 2003, na tena Oktoba mwaka ule ule, Rais Bush aliliarifu Bunge kwamba pande mbili zinazungumza kwa nia njema. Mwezi huo wa Oktoba Bwana Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani, alifika Naivasha mwenyewe kuwatazama. Kwa hiyo sheria ilikaa kama fimbo iliyotundikwa ukutani: haikumpiga mtu, lakini kila aliyeingia chumbani aliiona.

Kile kifungu cha hisa, ambacho hakikupata kuwa sheria, kilikuwa na nguvu ya namna yake. Kampuni ya Talisman ilichoka na kelele na vitisho, ikaamua kuuza sehemu yake, na mwaka 2003 ikaondoka Sudan. Lakini aliyeinunua sehemu hiyo alikuwa kampuni ya Serikali ya India, na mafuta yakaendelea kutoka kama kwanza. Muuzaji mmoja alifunga duka, mwingine akafungua pale pale.

Hata kabla ya hapo, Marekani ilikuwa imekwisha kuiwekea Sudan vikwazo vya biashara tangu Novemba 1997. Hata hivyo gundi ya migunga, ambayo viwanda vya soda na peremende vya Marekani viliihitaji sana, iliruhusiwa kuendelea kuingia. Tunalitaja jambo hili dogo kwa sababu lafundisha. Nchi itungayo sheria juu ya haki za jirani haisahau kuchungulia ghala lake kwanza.

Madereva wanaoijua njia hii watafahamu mfano ufuatao. Gari zito likiteremka kutoka Mau Summit kuja Salgaa, dereva mwenye akili hategemei breki peke yake. Akikanyaga breki njia nzima, zitashika moto na kukosa nguvu mahali pabaya, na sote twajua huzuni ambazo mteremko huu umeleta. Huweka gia ndogo tangu juu, akaacha injini ishike gari, na breki akaitumia kidogo kidogo. Sheria ya ng'ambo ni breki. Yafaa iwepo. Lakini kilichoishika Sudan mteremko ule wote ni gia ndogo: miaka ya kukaa mezani Machakos, Karen, Nakuru na Naivasha, na majeshi mawili yaliyokuwa yamechoka.

BAADA YA MAPATANO

Matunda yalionekana upesi. Wafanya biashara wa Kenya walielekea Juba. Benki ya KCB ilifungua huko mwaka 2006. Malori yaliyokuwa yakipeleka chakula cha msaada yakafuatwa na malori ya saruji, mabati, unga na mafuta ya kupikia. Januari 2011 watu wa kusini walipiga kura, na karibu 99 katika kila mia walichagua kujitenga. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi.

Walakini hatungekuwa waaminifu kama tungeishia hapo. Hata kabla ya mapatano kukamilika, vita vingine vilikuwa vimezuka Darfur mwaka 2003, na watu wa huko hawakuwa na kiti mezani Naivasha. Desemba 2013 viongozi wa Sudan Kusini waligeuziana bunduki wao kwa wao, na Wakenya wengi walirudishwa nyumbani wakiwa wameacha maduka na bidhaa. Aprili 2023 vita vikawaka Khartoum kwenyewe. Sheria ya mwaka 2002 ilihesabu makosa ya Serikali moja. Haikuweza kuwafundisha wakombozi jinsi ya kutawala. Neno hilo haliandikiki Washington.

JAMBO HILI LATUHUSU SISI PIA

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya Sudan tu. Miaka ya 2021 na 2022 miswada ya namna hiyo ililetwa katika Bunge la Marekani juu ya vita vya Tigray, Ethiopia. Serikali ya Addis Ababa ilipinga kwa nguvu, na Waethiopia wengi walioko ng'ambo waliandamana. Miswada hiyo haikupata kuwa sheria. Lakini Januari 2022 Ethiopia ilikwisha kuondolewa katika mpango wa AGOA, ambao uliziruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Na waliopata hasara kwanza walikuwa vijana, hasa wasichana, washonao nguo katika viwanda, ambao hawakuwa na bunduki. Mapatano yenyewe yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 2 Novemba 2022, kwa msaada wa wazee wa Afrika, akiwamo Rais mstaafu Uhuru Kenyatta.

Na mwaka 2025 zamu ilifika kwetu. Seneta Jim Risch, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Senati, alipendekeza kwamba cheo cha Kenya cha kuwa mshirika mkuu wa Marekani nje ya NATO, ilichokipata Juni 2024, kichunguzwe upya. Miongoni mwa maswali aliyotaka yajibiwe ni kama msaada wa usalama uliotolewa kwa Kenya umetumika kuwateka na kuwatesa raia. Wengine walikasirika, wakasema mgeni hana ruhusa ya kufungua sanduku letu. Wengine walifurahi kwamba mtu fulani, popote alipo, ameuliza.

Sisi twaona hivi. Nchi ambayo haipendi mambo yake yaandikwe katika sheria za wengine ina njia moja ya hakika: kuyaandika kwanza katika sheria zake, na kuzifuata. Mwenye nyumba anayesikiliza kilio cha mtoto wake hatagongewa mlango usiku na majirani. Asiyesikiliza, akigongewa, asishangae. Naye jirani, akigonga, na akumbuke kwamba amekuja kwa ajili ya mtoto, wala si kwa ajili ya gundi au mafuta yaliyomo ghalani.

Basi, msomaji, upitapo Salgaa na kuona lori lenye hati za Juba limeegeshwa, na dereva wake anakunywa chai bila haraka, fahamu kwamba utulivu ule una gharama. Ulilipiwa na watu waliokubali kukaa pamoja Nakuru na Naivasha wakati kila mmoja alikuwa na sababu ya kuondoka.